"Weka na ya kutoa": nani alipe ada kwenye soko la chuo?

Komredi amechagua parachichi nne na fungu moja la viazi vitamu. Jumla ni shilingi 150. Anauliza namba, anapewa namba ya kawaida ya simu, na kabla hajaanza kubonyeza anaambiwa, "Weka na ya kutoa." Wakenya tumelizoea neno hili kiasi kwamba hatulishangai tena. Lakini hebu lipigie hesabu. Kutuma kunamgharimu 7. Ya kutoa ni 29. Ile 150 imekuwa 186, yaani kwa kila shilingi 100 ya chakula ameongeza 24. Hakuna duka Bungoma mzima ambalo lingepandisha bei hivyo mlangoni pa kutokea na wateja wanyamaze.

Nasema neno hilo litoke kwenye masoko yetu ya vyuoni. Sisemi hivyo kwa sababu mama anayeuliza ya kutoa ni mwizi. Nimekaa upande wake wa meza na najua anachoogopa. Ila namna tunavyokusanya pesa kwenye masoko haya inamuumiza mnunuzi, na mara nyingi inamuumiza muuzaji zaidi bila yeye kujua.

Nieleze nilikokaa. Chuo Kikuu cha Eldoret, pale Chepkoilel, huwa na maonyesho ya biashara ya kilimo kila mwaka. Watu huja na mbegu, mashine, ng'ombe, asali, na pia huja kuuza. Mahali penyewe pana historia ya kuchekesha kidogo. Palianza 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima wakubwa wa kizungu, pakawa chuo cha walimu 1984, Chuo Kikuu cha Moi kikapachukua 1990, na mwaka 2013 pakapata hati ya kuwa chuo kikuu kinachojitegemea. Kwa hivyo akina mama wa Bokoli wenye robo ekari ya managu wanapotandika gunia pale na kuuza, mimi natabasamu. Wakulima wakubwa wangeshangaa.

Nilienda na kikundi cha shangazi yangu, mama saba kutoka upande wa Bokoli. Kazi yangu ilikuwa ile ambayo watu hudhani ndiyo yote tuliyosomea kwa miaka minne ya marketing: kuandika bei kwenye kadibodi na kuita wateja. Tulitoka nyumbani bado giza, Misikhu, Webuye, Turbo, hadi Eldoret, mizigo juu ya gari na kuku wawili chini ya kiti wakilalamika. Tulikuwa na ndizi za kupika, viazi vitamu, njugu, mrenda, kunde, parachichi na maziwa ya mala ndani ya mibuyu. Hiyo mibuyu ndiyo iliyovuta watu kuliko kadibodi zangu zote. Wanafunzi kutoka Bungoma na Trans Nzoia walikuja wakisema "Mulembe mayi" kutoka mbali kabla hata hawajaona bei.

Sasa, soko la chuo si kama soko la kawaida. Kule Chwele au Kitale mjini mnunuzi huja na noti. Anajua anataka gorogoro ngapi, anapatana, analipa, anaenda. Mwanafunzi hana noti. Pesa yake ni ya simu kutoka ilipoingia, iwe ni mzazi aliyetuma au ni mkopo wa HELB, na hatakwenda kutafuta ajenti ili anunue mrenda wa shilingi 50. Pia hununua kidogo kidogo, kwa sababu hosteli haina friji na jiko ni la kushirikiana. Kwa hivyo mama anayeuza chuoni atapokea malipo 60 ya shilingi 80, 120, 150, badala ya malipo manane makubwa. Soko la aina hiyo ndilo ambalo ada za simu hulimaliza kimyakimya, kwa sababu ada haihesabiwi kwa asilimia. Ukituma 101 unakatwa 7, ukituma 500 unakatwa 7.

Makomredi wenyewe wameshatambua. Kutuma hadi shilingi 100 ni bure tangu 2021 (mwaka 2020, wakati wa korona, ilikuwa bure hadi 1,000, na wengi bado wanaukumbuka ule mwaka kwa sababu hiyo tu). Basi ukimwambia ni 120, anakutumia 100 na kukupa sarafu ya 20. Ukimwambia ni 200, anatuma 100 mara mbili, au anamwomba rafiki yake atume nusu. Nilimwona mmoja akigawa malipo ya 300 kati ya watu watatu, na wote watatu walikuwa wanacheka. Mama wa njugu hakucheka. Kwake ni meseji tatu za kusoma bila miwani, na foleni inaongezeka.

Hapo ndipo "ya kutoa" huzaliwa. Mama anaona hela zinaingia vipande vipande, anajua jioni atamlipa ajenti, na hataki hiyo ada itoke kwenye faida ambayo ni ndogo tayari. Kwa mtazamo wake ni haki. Lakini twende na hesabu hadi mwisho. Wateja 20 wakinunua vitu vya 150 na kila mmoja akaongeza 29, simu ya mama ina 3,580. Akiitoa yote kwa mara moja atalipa 69. Zile za kutoa alizokusanya ni 580. Shilingi 511 zimebaki, na hizo hazikuwa za ajenti wala za kampuni ya simu. Zilikuwa za makomredi 20.

Utasema basi mama amepata faida, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba hiyo faida haijui. Wengi hutoa kwa vipande vilevile walivyopokea: 500 ya chakula cha mchana, 500 ya mtu wa mizigo, 500 ya nauli. Kutoa 500 mara tano ni 145. Kutoa 2,500 kwa mara moja ni 29. Halafu kuna wale wateja waliosikia "ya kutoa" wakarudisha viazi mezani na kwenda zao. Hao hawaonekani kwenye hesabu yoyote, lakini mimi niliyekuwa nasimama mbele na kadibodi niliwaona.

(Ada ninazotumia ni za M-Pesa kama zilivyopangwa kutoka Julai 2023, ushuru kwenye ada za kutuma pesa ulipopanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Ukisoma haya bei zikiwa zimebadilika, badilisha namba tu. Hesabu haibadiliki.)

Ada ya mnunuzi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Kikundi kilikubaliana kwamba pesa zote ziingie kwenye simu moja, ya mwenyekiti. Ilionekana jambo la busara. Ni mama anayeaminika, ana simu yenye betri nzuri, na namba yake ni rahisi kukariri. Kadibodi zangu zote ziliandikwa namba hiyo. Siku ya kwanza tuliuza vizuri. Jioni tukaketi kwenye nyasi nyuma ya kibanda tugawane, na kwenye daftari la karatasi tulikuwa na 9,400 za simu. Kwenye simu hazikufika. Zilikosekana 1,850.

Mtu akisoma hapa atafikiria wizi, na hata pale kwenye nyasi watu wawili walifikiria hivyo. Niliona nyuso zao. Kumbe mwezi uliopita mwenyekiti alikuwa amekopa kupitia laini yake, ile huduma ya kukamilisha malipo ukiishiwa, kwa ajili ya karo ya kijana wake. Huduma kama hiyo haikuulizi ulipe lini. Pesa ikiingia, deni linajikata lenyewe kwanza. Kwa hivyo malipo ya kwanza kabisa ya asubuhi, ya mrenda wa huyu na ndizi za yule, yalikwenda kulipa karo ya mtoto wa mwenyekiti, na meseji za makato zikapita katikati ya meseji za wateja bila mtu kuziona. Mama alipotambua alishika kichwa. Alisema deni lake mbele ya watu sita ambao hakuwa amepanga kuwaambia. Hakuna mtu mzima anayestahili kuanikwa hivyo kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye kadibodi.

Alilipa. Alitoa kwenye mgawo wake, na zilizobaki akazileta baada ya wiki mbili. Lakini kwenye gari la kurudi Bokoli hakuna aliyeimba, na akina mama wa kwetu kurudi kutoka soko zuri bila kuimba si kitu cha kawaida.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa kikundi chochote: usikusanye pesa ya watu wengi kwenye laini ya mtu mmoja. Haijalishi anaaminika vipi. Laini ya mtu ina maisha yake: ina mikopo, ina jamaa wanaoomba, ina mtoto anayejua PIN. Kuna njia nyingine na hazilingani, ndiyo maana nazieleza kwa undani kidogo.

Till ya Lipa na M-Pesa, iliyoanza 2013, mnunuzi hakatwi chochote. Muuzaji hakatwi kwa malipo ya 200 kwenda chini, na zaidi ya hapo hukatwa asilimia 0.55. Rudi kwa yule komredi wa 150: analipa 150, mama anapokea 150. Mteja wa 600 angetumia namba ya kawaida na ya kutoa, angelipa 42 zaidi. Kwa Till, mama anakatwa 3.30. Kwa soko la chuo, ambako malipo mengi yako chini ya 200, sioni hoja ya kuikataa Till. Kuhamisha pesa kutoka Till kwenda mfukoni kuna ada zake pia, hilo lisifichwe. Uliza kabla, na uhamishe mara moja jioni, si kila saa. Na ukumbuke ukiihamishia kwenye laini yenye deni, deni litakata hapo hapo.

Pochi la Biashara ni tofauti. Hiyo hukaa kwenye namba yako ya kawaida lakini pesa za biashara zinatengwa na zako. Mteja bado hulipia kutuma kama anavyomtumia mtu yeyote, kwa hivyo swali la 7 halijaondoka. Faida yake kubwa, kwangu mimi, ni kwamba mteja hawezi kurudishiwa malipo bila wewe muuzaji kukubali. Kwa mama anayeuza peke yake getini ni nzuri. Kwa kikundi cha watu saba, hapana. Kikundi kiende na cheti chake cha usajili, kiulize akaunti inayosimama kwa jina la kikundi, watu watatu wajue kinachoingia na kutoka. Inachukua siku, inachosha, na picha za vitambulisho hurudishwa kwa sababu hazisomeki. Fanyeni mapema, si asubuhi ya soko.

Hilo la malipo kurudishwa lizungumziwe, kwa sababu chuoni lipo. Mtu akituma kimakosa kwa namba ya kawaida, anasambaza meseji yake kwa 456 na pesa inaweza kuzuiwa. Huduma hiyo ni muhimu na imeokoa wengi. Lakini wapo wanaoitumia kula bure: anachukua mala, anaonyesha meseji, anatoka, halafu anadai alikosea namba. Na wapo wengine ambao hawatumi kabisa, wanaonyesha meseji waliyoiandika wenyewe. Usisome meseji kwenye simu ya mteja. Soma kwenye yako. Iwe imetoka kwa M-PESA, si kwa namba ya mtu, na uangalie salio limeongezeka. Kama macho yanasumbua, mpe kijana wa kikundi kazi hiyo moja tu, asiuze, asifunge mifuko. Siku ya pili mimi niliachana na kadibodi nikafanya hiyo kazi, na ilikuwa na maana zaidi.

Mwajiri wangu asinikasirikie kwa hili linalofuata. Kuna wakati noti ni nafuu kuliko simu. Mama anadaiwa 2,000 na mwenye pikapu. Akimtumia, anakatwa 33, na mwenye pikapu akienda kutoa anakatwa 29. Jumla 62 zimepotea njiani kati ya watu wawili waliosimama mita moja. Mama akitoa mwenyewe na kumpa noti, ni 29 tu. Simu inashinda pale ambapo mpokeaji hataitoa: kama mwenye pikapu ataweka mafuta kwa Till moja kwa moja, pesa haijawahi kugusa ajenti. Inashinda pia usiku, kwenye matatu ya Eldoret kwenda Webuye, ambako 9,400 kwenye leso hulala macho na mwenye leso. Kila mtu apime. Mtu anayekuambia ulipe kila kitu kwa simu, au kila kitu kwa noti, hajauza mrenda.

Wakubwa wa vyuo pia nawaomba wasikilize, kwa sababu siongei tu kuhusu maonyesho ya mara moja kwa mwaka. Nataka soko la kila wiki. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko karibu na Bungoma, kwenye barabara ya Chwele, katikati ya watu wanaolima karibu kila kitu ambacho mwanafunzi hula. Wanafunzi hununua sukuma getini kutoka kwa mtu aliyenunua kwa mtu aliyenunua kwa mkulima. Sioni kwa nini mkulima wa Bokoli asipewe uwanja siku moja kwa wiki. Mji wa Davis, California, una soko la wakulima ambalo lilianza katikati ya miaka ya 1970, na walioliwasha walikuwa vijana wa chuo kikuu cha pale na wakulima wachache. Bado lipo. Walianza na meza, na watu waliotaka kujua chakula chao kimetoka kwa nani.

Chuo kikitoa uwanja, kitoe na mpangilio wa malipo. Kila kibanda kiwe na Till iliyosajiliwa kwa jina linalosomeka, ili mnunuzi aone jina hilo kwenye simu kabla hajaweka PIN. Namba iandikwe kubwa, ining'inizwe juu, si chini karibu na viazi. Kuwe na ajenti mmoja ndani ya uwanja mwenye pesa za kutosha, maana tulizunguka na mama wa njugu robo saa kumtafuta mwenye zaidi ya 3,000. Na kuwe na mtu wa sarafu. Hilo linaonekana dogo, lakini komredi wa 120 na sarafu yake ya 20 hataondoka leo wala kesho, na mama asiye na chenji humpoteza.

Mnunuzi naye ana la kufanya. Ukiambiwa "weka na ya kutoa", uliza kwa upole, "Mayi, una Till?" Kama hana, unganisha ununuzi wako na wa mwenzako wa hosteli mlipe mara moja, badala ya kumtumia mama mia mia tatu. Usimgombeze. Hakuna aliyemketisha na kumwonyesha kwamba 29 ni ya kutoa hadi 2,500, si ya kila mteja. Nilipomwonyesha shangazi yangu kwa kijiti kwenye mchanga, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini sisi tuliosoma hatukusema mapema.

Kikundi kimeshapeleka karatasi za akaunti yake. Bado hawajakubaliana nani awe wa tatu kwenye sahihi. Mwenyekiti alijitoa, wenzake wakamkatalia, na kufikia juzi walikuwa bado wanabishana chini ya mparachichi wa kukhu kama atarudi au la. Mama wa njugu yeye ameshaandikisha Till yake mwenyewe. Anasema atawangoja wakimaliza.